Mstari wa Shemsa

Miaka minne Shemsa alicheza beki wa kati, na kwa miaka minne hiyo hakuna mwanamke hata mmoja aliyemvisha kanga uwanjani. Waliotunzwa walikuwa wafungaji. Sichana, fowadi wao, akifunga bao, hata liwe la goti, hata liwe la bahati tu, vigelegele vitasikika Kikwajuni nzima, na mpira ukisha wanawake watamzunguka wamvishe kanga mabegani, moja juu ya nyingine, mpaka shingo isionekane. Shemsa, aliyezuia mabao manne jioni ile ile na kuchubuka kutoka goti mpaka kifundo cha mguu, atakuwa kakaa pembeni anakung'uta mchanga kwenye viatu. "Umecheza vizuri, Shemsa," mtu atamwambia akipita. Akipita, wala hasimami.

Timu yao iliitwa Mwangaza. Ilianza mwisho wa mwaka wa Mapinduzi, wakati kila jambo lilikuwa jipya na wanawake wanaandamana, wanajenga taifa, wanabeba mawe kwa kujitolea. Wasichana wa kiwanda cha ushoni, waliokuwa wakishona sare kutwa, wakasema kama kubeba mawe tunaweza, mpira utatushinda nini? Walikwenda uwanjani na mabuibui yao, wakiyavua wanayakunja na kuyaweka nyuma ya goli, ndani wamevaa suruali walizozishona wenyewe kwa vitambaa vilivyobaki. Wanaume walikuja kuwacheka. Baada ya mechi tatu wakawa wanakuja kutazama mpira.

Desturi ya kutunza ilitoka kwenye ngoma ikaingia uwanjani bila kualikwa. Ikaja na sharti lake, kwamba kanga ya kwanza huivisha mwalimu wa mchezaji. Mwalimu asipofungua, hakuna anayethubutu kunyanyua yake, kama vile mwari hatolewi nje mpaka somo yake aliyemfunda atangulie. Na kanga siku zile haikuwa kitu cha kuchezea. Kulikuwa na foleni ya kanga, na mtu aliyekuvisha yake alikuwa anakuvisha asubuhi nzima aliyosimama juani.

Basi Shemsa alikuwa akizitazama zile kanga za Sichana, huku anasema moyoni, yangu itakuja.

Na haki yake ilikuwapo, tusidanganyane. Mstari ule wa mabeki ambao baadaye watu walikuwa wakiusimulia mpaka Mangapwani ulitoka kichwani mwake yeye. Bibi yake alikuwa mtu wa ngoma ya lelemama, na Shemsa alipokuwa mdogo alichukuliwa kutazama. Aliwaona wanawake ishirini wamesimama bega kwa bega, pembe za nyati mkononi wakizigonga kwa vijiti, na mstari mzima unasogea hatua moja mbele bila mtu kusema neno. "Nani anayewaambia, bibi?" aliuliza. Bibi akamjibu, "Mtazame shingo yule anayeongoza. Akishusha kidevu, sote twaenda."

Miaka mingi baadaye, akiwa amesimama mbele ya goli lake na mchezaji wa timu nyingine anakuja na mpira, Shemsa akaikumbuka ile shingo. Akagundua kwamba mtu hawezi kupiga pasi ndefu bila kuuangalia kwanza mpira mguuni mwake. Hushusha kidevu. Na kwa nukta ile moja aliyoshusha kidevu, hamwoni mtu. Hapo ndipo Shemsa alipokuwa akipiga ukelele, "Haya!" na mabeki wote wanne wakatoka mbele hatua mbili kwa pamoja. Pasi ikija, fowadi wa watu amebaki peke yake nyuma yao, ameotea, filimbi imelia, na yeye anageuka huku na huku kama mtu aliyeachwa sokoni. Timu nzima ya Mwangaza ilijua kutoka kwa "Haya!" Siri ya kidevu aliijua Shemsa peke yake.

Halafu goti likamwacha. Ilikuwa mwaka sitini na nane, uwanja umelowa, akateleza, na kitu kikalia ndani ya goti kama ubao mkavu unaovunjwa. Alikandwa, akafungwa majani, akapelekwa hospitali, akarudi anachechemea. Wenzake wakasema basi atakuwa mwalimu wao, maana hakuna anayeujua mpira kama yeye. Alikubali. Siku ile alilia kidogo, akajipangusa, akaenda kutafuta beki wa kati.

Akampata Mwanapili. Msichana wa Mangapwani huyo, miaka kumi na minane, aliyekuja mjini kwa shangazi yake na kupata kazi ya kukata vitambaa pale pale kiwandani. Hakuwa na mbio nyingi. Lakini alikuwa na utulivu, anasimama anatazama, hakurupuki, na ukimwita anaitika "Naam" kwanza ndipo anageuka. Shemsa alimpenda. Kila Jumamosi alimchukua peke yake uwanjani asubuhi, akamfundisha kusimama, akamfundisha kuanguka, na mwisho akamfundisha kile ambacho hakumpa mtu mwingine yeyote.

"Usiangalie mpira," alimwambia. "Mpira utakudanganya. Angalia kidevu."

"Kidevu, Bi Shemsa?"

"Kidevu. Kikishuka, ita. Kikiwa bado hakijashuka, hata watu wote wakupigie kelele, usiite."

"Nshafahamu."

Alikuwa keshafahamu kweli, na hapo ndipo tabu ilipoanzia. Msimu ule Mwangaza hawakufungwa bao hata moja kwa mechi saba. Sauti ya Mwanapili ilikuwa nyembamba na kali kuliko ya Shemsa, ikisikika mpaka barabarani, na watu wakaanza kuja mapema ili wazione zile hatua mbili. Wanaume barazani wakaipa jina. Shemsa alikuwa anapita na kikapu chake akamsikia mmoja akisema, "Leo twende tukautazame mstari wa Mwanapili."

Mstari wa Mwanapili! Shemsa alisimama pale na kikapu chake mpaka mtu mmoja akamwuliza kama amepotewa na kitu. Akasema hapana. Akaenda nyumbani, akapika wali ukaungua chini, na mumewe aliposema umeungua akamwambia basi kapike wewe.

Mechi ya mwisho ya msimu ule likatokea jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwangaza walishinda bao moja la Sichana, lakini wanawake hawakumfuata Sichana. Walimzunguka Mwanapili, beki, kanga mikononi, wakageuka kumtazama Shemsa. Walikuwa wanamsubiri mwalimu afungue.

Shemsa alikuwa na kanga mbili siku ile, moja mpya begani na moja kuukuu aliyojifunga kiunoni. Alisimama kitambo, watu wakadhani furaha imemlemea. Kisha akaifungua ile ya kiunoni, iliyopauka mpaka maua yake hayajulikani, akamvisha. Vigelegele vikapasuka. Mwanapili, shingo imezama kwenye kanga za watu, akainama akasema, "Ahsante, mwalimu wangu," na macho yake yalikuwa na machozi. Aliipenda ile kanga kuukuu kuliko zote. Alikuwa akijifunga nayo kila siku ya mazoezi, na kila Shemsa alipoiona aligeuza uso.

Usiniambie huo haukuwa wivu. Ulikuwa wivu, na Shemsa mwenyewe aliujua kwa jina lake. Alikuwa akijiambia, kosa langu nini? Goti langu ndilo lililovunjika, kichwa changu ndicho kilichobuni, bibi yangu ndiye aliyenionyesha, na kanga anavishwa mtoto wa Mangapwani aliyekuja mjini jana. Usiku anaomba Mungu amwondolee. Asubuhi anausikia ule ukelele mwembamba, "Haya!" na wivu unaanza upya.

Mwaka sabini akaja Bi Borafya. Huyu alikuwa mwanamke wa kamati ya michezo, mnene, miwani mikubwa, mwenye kusema kidogo na kusikilizwa sana. Habari zikasambaa kwamba anachagua timu ya wanawake wa Unguja itakayokwenda kucheza Tanga, na pamoja na wachezaji atachagua mwalimu mmoja. Mmoja tu. Shemsa aliposikia hivyo alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Nani mwingine? Atasimama uwanjani Tanga, watu watauliza mstari huu wa nani, na wataambiwa wa Shemsa.

Siku ya mechi alivaa vizuri, akampelekea Bi Borafya kiti mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Borafya."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Bi Borafya akakaa, akarekebisha miwani. "Nimekuja kuuona huo mstari wa Mwanapili. Mjini kote hakuna maneno mengine."

Ilikuwa sentensi ya mtu asiye na ubaya wowote. Lakini Shemsa alihisi uso unamwaka. Akasema, "Karibu," akarudi pembeni ya uwanja, na kutoka hapo hakuona mechi. Aliona kidevu tu.

Nusu ya kwanza ikapita, mafowadi wa upande wa pili wakanaswa mara tano. Bi Borafya alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Nusu ya pili ikaenda. Zikabaki dakika chache, hakuna aliyefunga, na winga wa wapinzani akatokea katikati ya uwanja na mpira. Mwanapili alikuwa amesimama anamtazama, mikono ameifungua, mabeki wenzake kulia na kushoto. Kidevu cha yule winga kilikuwa bado kiko juu. Shemsa alikiona. Alikuwa mita kumi tu kutoka kwa mabeki wake, alikiona kama anavyokiona kidole chake.

Akaita. "Haya!"

Aliita kwa ile sauti yake ya zamani, sauti ambayo wale mabeki watatu wengine waliitii kabla Mwanapili hajaja mjini. Miguu yao ikatoka yenyewe. Mwanapili hakutoka. Alibaki kama alivyofundishwa, kwa sababu kidevu hakijashuka, akabaki peke yake nyuma, na kwa kubaki kwake fowadi wa watu hakuwa ameotea. Winga aliyaona yote yale maana macho yake yalikuwa juu. Akatoa pasi taratibu. Bao.

Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele muda wote, na walimu siku zote hupiga kelele, kwa hiyo hakuna mtazamaji aliyejua sauti ile ilikuwa ya nani. Watu waliona kitu kimoja tu, wenzake watatu wametoka, na Mwanapili amebaki kama mlingoti. "Kalala yule!" mtu akasema. "Mstari wake mwenyewe kausahau!"

Mpira ulipokwisha Bi Borafya aliinuka akaja, na watu wakamfuata wasikie. Wachezaji walikuwa wamesimama pale pale, Mwanapili mbele yao, kanga kuukuu ameishika mkononi.

"Mwalimu," Bi Borafya akasema, na hakuwa mkali, alikuwa anataka kujua tu, "kwani ndivyo ulivyomfundisha?"

Mwanapili akamwangalia Shemsa. Alikuwa anamngoja mkubwa wake aseme.

Shemsa angeweza kusema mimi ndiye niliyeita. Maneno yalikuwepo, matatu tu, yako mdomoni. Lakini akaikumbuka ile "mstari wa Mwanapili" na ule wali ulioungua na kanga zote zile, na mdomo ukafunguka ukasema jambo jingine.

"Mimi sikumfundisha vile, Bi Borafya. Nnasema mbele ya watu wote hawa. Huyu mtoto anacheza kwa kichwa chake mwenyewe. Mstari ule si wangu, na wala mie si mwalimu wake katika hilo."

Mabeki wale watatu wakatazama chini. Nani atamsuta mwalimu wake mbele ya wageni? Bi Borafya akasema, "Ah," akafunga daftari lake. Kutoka Mwangaza alimchukua Sichana peke yake. Mwalimu wa kwenda Tanga akachaguliwa mwingine, maana kama mstari si wa Shemsa, Shemsa alikuwa na nini cha kuchukuliwa? Hilo halikuwa limempitia akilini wakati anasema. Lilimpitia njiani akirudi, akasimama ghafla mpaka mwenye baiskeli akamtukana.

Siku mbili baadaye Mwanapili alitoka kwenye meza ya kukatia vitambaa, akamkuta Shemsa peke yake kwenye mashine.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba."

"Nnakwenda kukaa kwa mjomba wangu, Kiembe Samaki. Kule wana timu, hawana beki." Akaiweka ile kanga juu ya meza, imefuliwa, imekunjwa vizuri. "Hii yako."

"Nlikupa, Mwanapili. Kitu cha kupewa hakirudishwi."

"Mwalimu wangu ndiye aliyenivisha," Mwanapili akasema polepole. "Nawe umesema si mwalimu wangu. Sauti yako naijua, Bi Shemsa. Naijua hata nikiwa usingizini." Akaondoka. Hakuubamiza mlango. Shemsa alitamani aubamize.

Mwaka mmoja Shemsa aliishi na kanga ile sandukuni. Mwangaza waliendelea kushinda na kushindwa, na yeye alikuwa akiwafundisha mabeki wapya, na siri ya kidevu akawaambia wote, kila mmoja, bila kuficha, kana kwamba kuitawanya kungemfutia alichofanya. Hawakuiweza. Waliitazama shingo, wakasahau mpira, wakagongana. Wakati huo huo habari zilikuwa zinakuja kutoka Kiembe Samaki. Wamecheza nane, hawajafungwa. Beki wao anaita, ukuta mzima unatoka. Shemsa akisikia alikuwa akisema, "Nimefurahi," na wivu wake ulikuwa umepata mwenzake sasa, majuto, wakawa wanakaa wote wawili kifuani wanagombania nafasi.

Mwisho wa msimu wa sabini na moja timu mbili zilizobaki zilikuwa Mwangaza na Kiembe Samaki, na mechi ikapangwa Mnazi Mmoja. Bi Borafya alikuwepo, kiti kile kile, miwani ile ile. Safari hii alisema wazi kabla ya mpira kwamba anatafuta mwalimu wa timu ya Unguja, wa kudumu, si wa safari moja.

Shemsa aliondoka nyumbani na kanga mpya. Alisimama foleni siku mbili kuipata. Alikuwa ameamua, wallahi alikuwa ameamua: mpira ukisha, watu wakimzunguka Mwanapili, atakwenda mbele kwanza, amvishe mpya kama alivyostahili tangu mwanzo. Na kila mtu ataona nani mwalimu wa nani. Yote mawili yalikuwa ndani ya uamuzi ule, toba na tamaa, na Shemsa hakujaribu kuyatenganisha.

Kiembe Samaki walishinda bao moja. Sichana alinaswa mara kumi na moja, mara ya mwisho akakaa chini katikati ya uwanja akaanza kucheka. Mara kumi na moja ule ukelele mwembamba ulipanda, na kila mara, nukta moja kabla haujapanda, Shemsa alikuwa ameshakiona kile kidevu na neno lilikuwa limeshamfika kwenye meno.

Wanawake wakaingia uwanjani. Hawakuhesabika. Wakamzunguka Mwanapili, kanga mikononi, vigelegele, halafu wakanyamaza wakawa wanaangaliana. Timu ya Kiembe Samaki haikuwa na mwalimu, walijiongoza wenyewe. Nani atafungua?

"Mwalimu wake nani?" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Ajitokeze, tumechoka kungoja!"

Bi Borafya naye alikuwa ameshafika pale. "Hilo ndilo nnalotaka kujua mie," akasema. "Aliyeutengeneza mstari huu ndiye nnayemtaka kwa Unguja. Nani?"

"Mimi," Shemsa akasema.

Alikuwa ameshapenya katikati ya watu, anachechemea, kanga mpya imefunguliwa mikononi. Watu wakampisha. Bi Borafya akamtazama kupitia miwani, muda mrefu.

"Wewe? Si wewe uliyeniambia mwaka jana kuwa mstari si wako?"

Shemsa akamtazama Mwanapili. Sasa Shemsa ndiye aliyekuwa anamngoja mwenzake aseme, kama Mwanapili alivyomngoja yeye mwaka jana.

"Mwanapili," Bi Borafya akaita.

"Naam."

"Huyu ndiye aliyekufundisha?"

Mwanapili alikuwa na jasho usoni na mchanga kwenye nywele. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa na hasira. Alisema kwa adabu yote, kwa sauti ya mtoto aliyelelewa, "Bi Shemsa ni mkubwa wangu. Alisema mbele ya watu kuwa hakunifundisha, kuwa yeye si mwalimu wangu. Mie siwezi kumkanusha mkubwa wangu."

Kisha Bi Borafya akaivua kanga yake mwenyewe kichwani, akamvisha Mwanapili mabegani. "Basi aliyejifundisha mwenyewe," akasema, "atawafundisha na wengine." Vigelegele vikapasuka, wanawake wakamwagika mbele, wakampita Shemsa kulia na kushoto, mmoja akamgonga lile goti bovu na hakugeuka kumwomba radhi. Kanga mpya ilikuwa bado iko mikononi mwake, imefunguliwa.

Katikati ya watu wale, kabla shingo yake haijazama, Mwanapili aligeuka akamtafuta kwa macho. Akainama kidogo, kama alivyofundishwa kwao.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba," Shemsa akaitikia, kwa kuwa shikamoo haina jibu jingine.